Imekwisha: Kitenzi Kimoja cha Kiyunani na Historia ya Kiambishi -me-

Katika sura ya 19 ya Injili ya Yohana, aya ya 30, limo tamko la neno moja tu. Kwa Kiyunani neno hilo ni tetelestai. Kwa Kiswahili cha Biblia ya mwaka 1952, ile ambayo wasomaji wengi huiita Union Version, nalo limebaki neno moja: imekwisha. Kiingereza hakikuweza kulisema kwa neno moja, kilihitaji matatu. Mtu anaweza kudhani kwamba kulingana huku kwa Kiyunani na Kiswahili ni sadfa ya lugha mbili zinazopenda kupachika viambishi kwenye kitenzi. Ukweli ni kwamba kuna jambo zito zaidi chini yake. Lugha hizi mbili, zisizo na undugu wowote wa nasaba, zilikuza kila moja kwa wakati wake njia ya kusema kwamba jambo limetendeka na hali iliyotokana nalo ingali ipo. Historia ya tafsiri za Kiswahili ni, kwa sehemu, historia ya namna njia hizo mbili zilivyokutana, zilipoafikiana na zilipoachana.

Jambo hili lina uzito wake mahali kama Richmond Hill, mji ulioko kaskazini mwa Toronto kandokando ya barabara ya Yonge. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu humo wakazi zaidi ya 200,000. Kichina, Kiajemi na Kirusi husikika huko kila siku. Kiswahili ni lugha ndogo, ya jikoni, ya simu na ya harusi. Kilifika katika jimbo la Ontario kwa milango mingi: kwa familia zenye asili ya Asia zilizofukuzwa Uganda mwaka 1972, ambazo maelfu ya watu wake walipokewa Kanada, kwa wanafunzi na wafanyakazi kutoka Kenya na Tanzania, na kwa wakimbizi wa Kongo ya mashariki. Katika nyumba kama hizo, mtoto anayeuliza maana ya -me- kwa kawaida hujibiwa kwa kupitia Kiingereza. Huambiwa kwamba -me- ni kile kitenzi kisaidizi cha Kiingereza chenye asili ya maana ya "kuwa na", kinachotangulia tendo lililomalizika. Jibu hilo humtosha mtoto kwa mitihani. Hata hivyo humnyima kitu ambacho Kiswahili kinacho na Kiingereza hakina, na ambacho Kiyunani cha Agano Jipya kilikuwa nacho.

Ni vyema kuanza na kitenzi chenyewe. Tetelestai ni umbo la kitenzi teleo, kilichotokana na nomino telos. Telos ni mwisho, lakini ni mwisho wenye shabaha: kikomo ambacho jambo lilikuwa likielekea tangu mwanzo. Nomino hiyohiyo iliweza pia kumaanisha kodi au ushuru. Kwa hiyo teleo ina matawi matatu ya maana: kumaliza, kutimiza na kulipa. Katika Injili ya Mathayo hutumika Yesu anapomaliza kunena maneno yake. Katika sura ya 17 ya Injili hiyohiyo hutumika kwa kulipa kodi ya hekalu. Na Paulo huitumia kwa kulipa kodi katika sura ya 13 ya Waraka kwa Warumi.

Umbo lake nalo linagawanyika waziwazi. Te- ya mwanzo ni urudufishaji wa konsonanti ya kwanza ya mzizi, alama ya hali timilifu. -teles- ni shina. -tai ni kiishio cha nafsi ya tatu umoja katika kauli ambayo hapa ina maana ya kutendwa. Ndani ya silabi nne kuna tendo, ukamilifu wake, na mtendwa asiyetajwa. Mtenda hayumo kabisa.

Hali timilifu ya Kiyunani imewashughulisha wanasarufi kwa muda mrefu. Maelezo ya vitabu vya zamani ni kwamba hutaja tendo lililopita ambalo matokeo yake yapo sasa. Maelezo hayo ni mazuri kwa gegraptai, "imeandikwa", maana kilichoandikwa kinaendelea kuwapo mbele ya macho. Lakini yapo maumbo yanayoyashinda. Hesteka, hali timilifu ya histemi, maana yake ni "nimesimama", kwa maana ya kuwa wima sasa hivi. Oida, ambayo kwa umbo ni timilifu, humaanisha "najua", na hakuna tendo la zamani linalotajwa. Mwaka 1989 Stanley Porter, ambaye mwaka 2001 alianza kuongoza chuo cha theolojia cha McMaster mjini Hamilton, alichapisha kitabu kikubwa kuhusu hali za kitenzi katika Kiyunani cha Agano Jipya. Alidai kwamba maumbo ya kitenzi cha Kiyunani hayataji wakati hata kidogo, bali namna msemaji anavyolitazama tendo: aoristi hulitazama kwa ujumla wake, umbo la sasa hulitazama likiendelea, na timilifu hutaja hali iliyopo. Wapo waliompinga, hasa katika kukanusha kwake kabisa dhana ya wakati. Hata hivyo wazo la kwamba kiini cha timilifu ni hali, wala si tendo, limekuwa mojawapo ya nguzo ambazo mjadala mzima unazizunguka.

Mzungumzaji wa Kiswahili anayesoma mjadala huo anaweza kushangaa kwamba ulihitaji kubishaniwa. Kwake hesteka ni nimesimama, basi. Mtu anayemwona mgeni mlangoni husema "amesimama", hasemi "anasimama", labda kama mgeni huyo ndiyo kwanza anainuka kutoka kitini. Vivyo hivyo amelala, amevaa, ameketi, amechoka, ameiva. Kila kimoja cha vitenzi hivi huanza kwa badiliko na kuishia katika hali, na -me- huitaja hali. Kiingereza hufasiri sentensi hizo kwa njeo ya sasa au kwa kivumishi, kwa sababu kitenzi kisaidizi chake hukazia zaidi kwamba tendo limepita. Hamilton ni mwendo wa saa moja na kitu kwa gari kutoka Richmond Hill. Lakini kwa jambo hili, mzazi aliyeko Richmond Hill anayemwambia mwanawe "nyamaza, bibi amelala" tayari anao mkononi mfano ambao mwanafunzi wa Kiyunani huutafuta kwa taabu.

Kiambishi hiki hakikuwapo tangu kale. Kiswahili cha zamani kilikuwa na timilifu nyingine, iliyoishia kwa -ile au kwa badiliko la irabu: lala ilitoa lele, ona ikatoa wene. Mahali ambapo leo husemwa "wamelala", mshairi wa Pate au Lamu aliweza kusema walele. Maumbo hayo yamehifadhiwa katika tendi za kale na katika lahaja za kaskazini, na yana ndugu zake katika lugha nyingi za Kibantu. Inafaa kukumbuka hapa Utendi wa Tambuka, unaohusishwa na mwaka 1728, ambao husimulia vita dhidi ya Herekali, yaani Heraclius, mfalme wa Warumi wa mashariki waliosema Kiyunani. Wayunani, kwa jina la Warumi, waliingia katika fasihi ya Kiswahili zaidi ya karne moja kabla ya wamisionari wa karne ya 19 kukaa Mombasa na kitabu chao mkononi.

Mahali pa -ile pakachukuliwa na -me-. Maelezo yanayokubaliwa na wanaisimu wengi ni kwamba -me- ni masalio ya kitenzi kizima, -mala, chenye maana ya kumaliza. Kitenzi hicho kingali hai kwa majirani: Waganda husema kumala, Wanyarwanda kumara. Katika Kiswahili sanifu kimejificha ndani ya maliza. Kilipowekwa katika timilifu ya kale kilitoa -mele. Kikatumika kama kitenzi kisaidizi mbele ya kitenzi kikuu. Kikachakaa kwa matumizi, kikafupika, kikawa kiambishi. Kwa hiyo -me- ilipoifukuza -ile ilikuwa imekwisha kuimeza. Mmoja wa wanaisimu walioieleza historia ya Kiswahili na lugha ndugu zake kwa mapana ni Derek Nurse, ambaye alipata kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadaye akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Memorial kisiwani Newfoundland. Kitabu chake cha mwaka 2008 kuhusu njeo na hali katika lugha za Kibantu kinaonyesha mara kwa mara jinsi vitenzi vyenye maana ya kumaliza vinavyogeuka kuwa alama za timilifu. Ni jambo la kupendeza kwamba utafiti wa timilifu ya Kiyunani na utafiti wa timilifu ya Kibantu umepata makao katika nchi moja ya Kanada, ijapokuwa mmoja uko upande wa Maziwa Makuu na mwingine upande wa Atlantiki.

Kwa mwanga huo, imekwisha ni neno la ajabu kidogo. Kiambishi chake, kwa asili, ni "maliza". Mzizi wake ni isha, "fikia mwisho". Kumaliza kumetajwa mara mbili. Zaidi ya hayo, isha yenyewe sasa inaipita njia ileile iliyopitwa na mala. "Amekwisha kula" imekuwa "ameshakula", na katika mazungumzo "keshakula" au "ashakula". Kilichokuwa kitenzi kinakuwa kiambishi mbele ya macho ya wazungumzaji.

Wafasiri wa kwanza hawakuijua historia hii, lakini walikuwa na masikio. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akampoteza mkewe Rosina mwezi Julai mwaka huohuo, na hata hivyo ndani ya mwaka huo akaanza kufasiri kitabu cha Mwanzo. Sarufi yake ndogo ya Kiswahili ilichapwa Tübingen mwaka 1850. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer. Mwaka 1870 alitoa kitabu chake cha mwongozo wa lugha, akawa askofu mwaka 1874, akafariki mwaka 1882 akiwa ameliacha Agano Jipya katika Kiswahili cha Unguja. Huko Mombasa, W. E. Taylor alifika mwaka 1880 na kufanya kazi katika Kimvita, akisaidiwa na mshairi Mwalimu Sikujua bin Abdallah, ambaye pia alimwezesha kukusanya mashairi ya Muyaka. Ni muhimu kuliona hili: masikio ambayo wafasiri hawa waliyategemea yalikuwa, kwa sehemu kubwa, ya Waislamu wa pwani. Hakuna kamusi ambayo ingeweza kuwaambia kama mtu aliyekufa "alilala" au "amelala". Waliambiwa na watu.

Vitabu vya sarufi vilichelewa kuliko masikio hayo. Majedwali ya karne ya 19 yalipangwa kwa kielelezo cha sarufi za Ulaya, na -me- ikapewa kisanduku chake kati ya njeo nyingine. Ni katika sarufi ya E. O. Ashton ya mwaka 1944 ambapo wanafunzi wengi wa lugha walielezwa waziwazi kwamba -me- hutaja ukamilifu wa tendo pamoja na hali inayotokana nalo. Kufikia wakati huo Kiunguja kilikuwa kimeteuliwa, katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilikuwa imeundwa mwaka 1930. Karl Roehl alikuwa ametoa Biblia yake mwaka 1937, akijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Tafsiri ya Union ya mwaka 1952 ilikusudiwa kuondoa mgawanyiko kati ya Mombasa na Unguja kwa maandishi ambayo makanisa mengi yangeyakubali.

Mtu akiifungua tafsiri hiyo na kuilinganisha na Kiyunani, ataona jinsi -me- ilivyofanya kazi. Katika sura ya 11 ya Yohana, Yesu asema juu ya Lazaro kwa kitenzi kilicho katika timilifu, kekoimetai, na wanafunzi wanakielewa vibaya: wao wanafikiri ni usingizi, yeye anasema mauti. Kiswahili kinatumia amelala. Fumbo lote linabaki zima, kwa kuwa amelala ni hali ya mwenye usingizi na pia ni hali ya marehemu. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 ililazimika kutumia njeo ya sasa. Za baadaye zikataja tendo la kushikwa na usingizi. Kila njia ilipata nusu. Katika Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 4, mzee anayekaribia kifo anasema juu ya vita, mwendo na imani kwa vitenzi vitatu, vyote katika timilifu. Kimoja kati yake ni teteleka, ndugu wa tetelestai katika kauli ya kutenda. Kiswahili kimevipa vyote vitatu -me-, na teteleka imekuwa nimeumaliza.

Lakini Kiswahili kina sheria zake, na mahali pengine sheria hizo hukataa. Katika sura ileile ya 19 ya Yohana, Pilato aombwa abadilishe maandishi ya juu ya msalaba. Ajibu kwa kurudia umbo moja mara mbili, gegrapha, gegrapha. Ukali wa jibu lake umo katika marudio hayo. Kiswahili sanifu hakipachiki kirejeshi ndani ya kitenzi chenye -me-. Mfasiri asipotaka kutumia amba-, hana budi kuweka -li- katika kitenzi cha kwanza na kuiacha -me- kwa cha pili. Ndivyo ilivyofanywa mwaka 1952. Maana imefika, ukaidi wa Pilato umefika, lakini nyundo iliyopiga mara mbili kwa sauti moja sasa inapiga kwa sauti mbili.

Mfano mwingine una uzito zaidi. Katika sura ya 15 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, Paulo anapanga vitenzi vyake kwa uangalifu: alikufa na alizikwa vimo katika aoristi, kisha kufufuka kunatajwa kwa timilifu, egegertai, kana kwamba mambo mawili ya kwanza yamepita na la tatu lipo. Katika aya ya 3 na ya 4 tafsiri ya Union inavipa vitenzi vyote vitatu -li-. Tofauti imetoweka. Sababu yake inaonekana palepale: aya inataja siku ya tatu, na Kiswahili sanifu, siku ikitajwa, huvutwa kwenye -li-. Katika aya ya 20, ambako Kiyunani kina egegertai ileile lakini hakuna siku iliyotajwa isipokuwa "sasa", Kiswahili kinarudi kwenye amefufuka. Umbo moja la Kiyunani limepata sura mbili katika ukurasa mmoja, na katika kila aya mfasiri alitii lugha aliyokuwa akiiandikia. Huu si uzembe. Ni ushahidi kwamba -me- ni hali iliyojifungamanisha na sasa, na sasa hiyo haipendi kuchanganywa na tarehe.

Hapo ndipo inapofaa kurudi kwenye aya ya 30 ya sura ya 19, maana huko kiambishi kilifaa kabisa. Ugumu ulikuwa katika mzizi na katika ngeli.

Kwanza mzizi. Isha ni neno la kila nyumba. Sukari imekwisha, mafuta yamekwisha, likizo imekwisha. Ni neno la kupungua hadi kutobaki kitu. Watu wanaokabiliwa na hatari husema "tumekwisha", na maana yake si kwamba wamefikia lengo lao. Kwa hiyo anayesikia imekwisha kutoka kwa mtu anayekufa anaweza kusikia mambo mawili yanayopingana: kazi imefika mwisho wake uliokusudiwa, au hakuna tena, basi. Teleo ya Kiyunani haina giza hilo kwa kiasi hicho. Telos huivuta kila wakati upande wa lengo. Biblia ya Habari Njema, iliyotolewa katika miaka ya 1990 kwa Kiswahili chepesi zaidi, iliona tatizo hili na ikaandika yametimia. Neno hilo linafunga mlango wa kukata tamaa. Lakini linafunga na mlango mwingine: timia haisemi kwamba pumzi nayo inakatika, ilhali msimulizi katika sentensi hiyohiyo anaonyesha kichwa kikiinama.

Pili ngeli. Kiyunani kinaweza kusema tetelestai bila kutaja ni kitu gani. Kitenzi cha Kiswahili hakiwezi kusimama bila kiambishi cha nafsi au ngeli. Lazima mlango uchaguliwe. I- ya imekwisha ni ile isiyoelekeza nomino yoyote maalumu, kama katika imeandikwa au imetosha, ijapokuwa msikilizaji aweza pia kuisikia kama i- ya kazi au ya safari. Ya- ya yametimia huelekeza kwa mambo, mengi kwa idadi. Ipi iko karibu na Kiyunani? Sarufi ya Kiyunani ina jibu lisilotarajiwa. Katika aya ya 28 umbo lilelile, tetelestai, limeshatumika, na hapo kiima chake kimetajwa: panta, "yote". Panta ni wingi wa jinsi isiyo ya kiume wala ya kike, na Kiyunani kwa desturi huupa wingi wa namna hiyo kitenzi cha umoja. Maana yake ni kwamba umoja wa tetelestai katika aya ya 30 hauthibitishi kwamba ni kitu kimoja. Yumkini ni "yote" ya aya ya 28 ambayo bado inasikika. Kwa hoja hiyo, ya- ina haki yake.

Tafsiri ya Union, katika aya ya 28, inasema yamekwisha kumalizika; na katika aya ya 30, imekwisha. Mwangwi kati ya aya hizo mbili, ambao kwa Kiyunani ni wa neno zima, umebaki nusu kwa kupitia kwisha. Lakini tazama kilichojikusanya katika yamekwisha kumalizika: -me- inayotokana na mala, kwisha, na malizika inayotokana na mala hiyohiyo. Bila mtu yeyote kukusudia, kumaliza kumetajwa mara tatu, na mara mbili kati ya hizo kwa mzizi uleule katika umri tofauti.

Kuna tawi la tatu la teleo, lile la kulipa, na hilo linahitaji tahadhari. Mahubiri mengi ya kisasa, yanayosafiri kwa urahisi kati ya Nairobi, Dar es Salaam na Toronto, hudai kwamba tetelestai liliandikwa kwenye stakabadhi za kale kumaanisha "deni limelipwa lote". Ushahidi hauna nguvu hiyo. Stakabadhi nyingi za ushuru zilizopatikana Fayum nchini Misri, walizopewa wenye ngamia na punda walipopita malangoni, zina neno tetelonetai, mara nyingi likiwa limefupishwa hadi herufi chache za mwanzo. Hilo ni umbo la kitenzi kingine, telonéo, cha ukoo mmoja na teleo lakini chenye maana ya kutozwa ushuru. Ufupisho ndio uliorahisisha mkanganyiko. Kwamba teleo iliweza kumaanisha kulipa ni kweli, na Mathayo na Paulo ni mashahidi. Kwamba msikilizaji wa Yohana angesikia stakabadhi katika tetelestai ni dai jingine, na halijathibitishwa kwa karatasi hizo. Wafasiri wa Kiswahili, wa 1952 na wa miaka ya 1990, hawakulifuata.

Wayunani wenyewe hawakubaki na umbo hili. Timilifu ya urudufishaji ilikufa katika Kiyunani cha baadaye, na Kigiriki cha leo huunda timilifu yake kwa kitenzi kisaidizi chenye maana ya "kuwa na", sawa na Kiingereza. Katika makanisa ya Kigiriki ya Toronto, Injili za mateso zinaposomwa usiku wa Alhamisi Kuu, tetelestai husikika kama neno la kale ambalo sarufi yake haitumiki tena sokoni wala nyumbani. Wasikilizaji wanalielewa kwa kulizoea. Mzungumzaji wa Kiswahili yuko katika hali tofauti: sarufi ya imekwisha ndiyo anayoitumia kwa sukari, kwa mvua na kwa mgonjwa aliyelala.

Ndiyo maana jibu anolopewa mtoto wa Richmond Hill si jambo dogo. Akifundishwa kwamba -me- ni kisaidizi cha Kiingereza kilichobadilishwa mavazi, atasema "anasimama" kwa aliyesimama na "analala" kwa aliye usingizini, maana ndivyo Kiingereza kinavyomwelekeza. Hatakosea sana, na watu watamwelewa. Lakini tofauti kati ya tendo na hali itakuwa imepotea katika Kiswahili chake kama ilivyopotea timilifu ya kale katika Kigiriki cha mitaani. Baadaye, akitaka kujifunza Kiyunani, atalipia masomo ili aelezwe kwa Kiingereza jambo ambalo bibi yake alikuwa akilisema kila jioni. Na hili halihusu Wakristo peke yao. Masikio ya Waislamu wa Unguja na Mombasa yaliwasaidia wafasiri kuisikia lugha. Wajukuu wa watu wa pwani, wa dini yoyote, wana haki sawa ya kurithi walichosikia.

Kumrekebisha mtoto huyo hakuhitaji Kiyunani. Kunahitaji mzazi amwonyeshe mlango na kumuuliza ukoje. Umefungwa. Hakuna anayejali ni nani aliyeufunga wala saa ngapi; linalosemwa ni jinsi ulivyo sasa. Kisha afunguliwe aya ya 30, iwe katika tafsiri ya 1952 au ile ya miaka ya 1990, aulizwe swali hilohilo: si nini kilitokea, bali mambo yakoje. Wafasiri walitofautiana juu ya mzizi, wakatofautiana juu ya ngeli. Juu ya -me- hawakutofautiana.